Bakuli la Supu Lililorudi Tupu

Mwanaidi, binti yangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako, na juu ya ile sweta nene ambayo mama yako ameisukuma ndani ya begi lako, ingawa kila mtu anajua Kiritiri ni joto mpaka mbuzi wanagombania kivuli. Usiitoe. Ukiitoa atajua, na mimi ndiye nitakayebaki naye nyumbani.

Naandika nikiwa buchani. Nyama imekwisha, gogo la kukatia nimelikwangua, na mlango nimeufunga nusu ili watu wa Majengo wasiingie kuniuliza kama kuna maini. Hakuna maini. Kesho unakwenda Kiritiri kwenye ule utafiti wenu, wa kuwauliza wanawake waliojifungua wanatunzwaje baada ya kuzaa, na mimi nina jambo nataka ulijue kabla hujamuuliza mwanamke wa kwanza. Ningekuambia kwa mdomo, lakini haya si maneno ya baba na binti yake kuongea wakitazamana. Jana nilijaribu. Nikaanza vizuri, nikakohoa, nikaishia kukuuliza kama simu yako ina chaji.

Mambo ya maji ya kuchemsha na kulala mapema na kutotembea peke yako, mama yako ameshayasema yote na kuyarudia. Sina la kuongeza hapo. Langu ni lile la jana mezani.

Ulikuwa unajipima na maswali yako, unakumbuka? Mama yako anachambua mchele, mimi niko kwenye kiti changu, wewe na kile kibao chako cha kioo unabonyeza. Ukamuuliza, kwa ile sauti yako ya kazi, "Baada ya kujifungua, ulipata shida yoyote ya kiafya?" Akasema hapana. "Ulikula vizuri?" Akasema, "Vizuri sana. Baba yako alileta supu kila siku." Akanitupia jicho, akacheka kidogo, akarudi kwenye mchele wake. Wewe ukabonyeza, ukaenda swali linalofuata, tena ukafurahi kwamba maswali yanakwenda haraka.

Mwanangu, ulidanganywa. Na mimi nilikaa pale nikanyamaza, maana uongo wenyewe naujua toka ulipozaliwa. Wewe ndiye mtoto aliyekuwa anazungumziwa, na umebeba jibu ambalo si kweli. Kama mama yako mzazi amekudanganya kwa upole vile, hao wanawake wa Kiritiri ambao hawakujui watakufanyaje?

Basi nisikilize.

Ulizaliwa siku ya Idi ya kuchinja, ndiyo maana ya jina lako. Hebu fikiria mchinjaji kuzaliwa mtoto siku hiyo! Nilikuwa na damu mpaka viwikoni, nakata nyama za sadaka za watu, mbuzi huyu, kondoo yule, na kila mtu anataka ya kwake kwanza. Habari ikanifikia hapo hapo kwenye gogo. Nilipiga kelele mpaka mtaa mzima ukajua. Sijawahi kufurahi vile, wallahi.

Mama yako, kama ujuavyo, alitoka kwa wakulima wa juu kule Nkubu, Wakristo wa kanisani haswa, akaja kwetu, akasilimu, akaitwa Zuhura. Alikuwa mchanga. Kiswahili alikijua cha shule. Akawekwa chumba cha ndani kukaa arobaini, na aliyemtunza ni shangazi yangu Tunu, ambaye wewe ulimwita Bibi Tunu, Mungu amrehemu. Unamkumbuka mzee, amelainika, anakufichia pipi kwenye kanga. Mimi nilimjua akiwa na nguvu zake. Alikuwa mwanamke wa kuheshimiwa Majengo nzima, na mzazi aliyetunzwa na Tunu alitoka ndani amenenepa, anang'aa. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Mwanamume kwetu haingii ingii chumba cha mzazi. Kazi yangu ilikuwa kuleta. Na mimi, mwuza nyama, nilijua cha kuleta. Supu ya miguu ya ng'ombe, imechemka usiku kucha mpaka inagandamana kwenye vidole, na pilipili manga na tangawizi. Kila asubuhi nililijaza lile bakuli la bati lenye maua mekundu na mfuniko, nikalipeleka mpaka mlango wa ndani. Shangazi analipokea. Adhuhuri nikirudi, bakuli limeshaoshwa, liko tupu, linaningoja kizingitini. Nauliza, "Zuhura hajambo?" Ananijibu, "Huoni bakuli?"

Nami naliona. Bakuli tupu, mke mzima. Nikawa naringa nalo! Wateja wakiuliza habari za mzazi, nawaambia, "Anamaliza bakuli zima, tena la miguu." Niliamini macho yangu. Hakuna aliyenidanganya kwa maneno, bakuli lilikuwa tupu kweli.

Siku moja nilisahau kinoo changu nyumbani. Kisu kimekuwa butu, wateja wamepanga, nikarudi mbio saa ambayo huwa sirudi. Nikaingia uani. Shangazi Tunu amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, bakuli la maua mekundu liko mapajani mwake, na anakunywa supu kwa kijiko kikubwa. Kando yake majirani wawili wanangoja zamu.

Lo! Yeye ndiye aliyeanza.

"Unashangaa nini? Ningeimwaga?"

"Hiyo ni ya Zuhura."

"Zuhura hataki. Jana hakutaka, juzi hakutaka. Nimembembeleza, nimemkaripia, hataki."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto mjinga. "Nikurudishie bakuli limejaa? Mume alete chakula, nimrudishie kama kilivyo? Utasema hatumtunzi mkeo. Watu watasema mke wa watu amekataa chakula cha nyumba hii. Nimekusitiri wewe, nimemsitiri na yeye."

Sasa hilo ndilo lililonikaa mpaka leo. Ningependa kukuambia kwamba alikuwa mlafi, hadithi ingekuwa rahisi. Hakuwa mlafi. Huku kwetu, na hata huko juu kwa kina mama yako, chombo cha mzazi kikirudi kimejaa ni aibu ya nyumba nzima. Aliyepika ameaibika, aliyetunza ameaibika, mzazi mwenyewe anaonekana hana shukrani. Kwa hiyo chombo kitarudi tupu. Mtu atakimaliza tu. Na kila mtu katika mlolongo ule anafanya wema.

Nilimjibu Shangazi maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake. Kisha nikavunja desturi, nikaingia ndani.

Mama yako alikuwa amelala ameelekea ukutani. Wewe uko nyuma ya mgongo wake, unalia, si kile kilio chako cha fujo ninachokijua sasa, kilio chembamba kilichochoka. Na yeye hageuki. Si kwamba hasikii. Anasikia, hageuki. Niliogopa, Mwana. Naogopa hata sasa nikikumbuka.

Nikauliza swali. Unajua nilimwuliza nini? Kama wewe jana. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umekula?"

"Nimekula."

Kwa Kiswahili safi, kwa heshima, uso ukutani. Na mimi nimetoka kuona nani kala! Ndipo nikajua kwamba swali linaweza kuwa zuri na jibu likawa zuri na mtu akafa katikati yao.

Nikasema twende kliniki. Shangazi akasema arobaini haijaisha, mzazi hatoki, atapigwa na upepo. Nikasema upepo utanikuta mimi. Tukaenda, mama yako kafunikwa leso juu mpaka chini, Shangazi nyuma analalamika njia nzima, mimi nimekubeba. Wakakuweka kwenye mizani ile ya kuning'inia. Mimi kutwa nasoma mizani, ndiyo inayonilisha. Mshale uliposimama nilijua kabla nesi hajafungua mdomo. Ulikuwa umepungua tangu uzaliwe. Njiani mkononi nilikuwa nimehisi, nikajidanganya.

Nesi alikuwa mwanamke mrefu wa Kimeru, sweta kaiweka mabegani. Hakutukemea. Alimtazama mama yako, akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, akasema, "Nyinyi wawili mtangoja hapo nje." Shangazi akasema yeye ndiye mtunzaji, aulizwe yeye. Nesi akasema, "Ndiyo, mama, nitakuuliza na wewe baadaye," akamshika mkono kwa adabu zote, akamtoa.

Wakati mlango unafungwa nikasikia swali lake la kwanza. Alimwuliza kwa Kimeru, lugha ambayo mama yako hakuwa ameisikia tangu aingie chumba kile. Kimeru cha sokoni nakielewa. Hakumwuliza unaumwa au umekula. Alimwuliza, "Huyu akilia usiku, wewe unafanya nini?"

Mlango ukafungwa. Halafu nikasikia mama yako akilia, kilio cha mtu mzima, kisha akaanza kuongea. Akaongea, akaongea! Mwanamke ambaye kwetu alikuwa anajibu neno moja moja. Sauti naisikia, maneno siyasikii. Mimi na Shangazi tumekaa kwenye benchi tunatazama ukuta kama watoto waliofukuzwa darasani.

Nesi alipotoka aliniambia maneno machache. "Mkeo ni mgonjwa. Ni ugonjwa unaowapata wazazi wengi, una matibabu. Si ukaidi, si uvivu, wala hajarogwa. Usimwache peke yake na mtoto usiku." Akatupeleka mwenyewe kwa daktari, mama yako akapewa dawa na siku ya kurudi. Na akasema, "Ana mama? Mleteni."

Basi bibi yako wa Nkubu akashuka na kikapu cha unga wa wimbi na njahi, maharagwe meusi ya kumlisha mzazi, na rozari shingoni, akaingia nyumba ya Shangazi Tunu. Mungu wangu. Wazee wawili, jiko moja! Huyu anasema uji hautiwi pilipili manga, yule anasema uji bila pilipili manga ni gundi. Lakini usiku walipokezana kukubeba, na mama yako akalala. Na asubuhi moja akaomba uji. Aliomba mwenyewe, wa wimbi, uliochachushwa kidogo. Kumbe hata miguu ya ng'ombe hakuwa anaipenda. Harufu ilikuwa inamtapisha. Hakuna aliyewahi kumwuliza, na mimi nilikuwa naringa na mwili wangu mzima!

Haikuwa siku moja. Ilichukua muda, kuna siku alirudi nyuma, tukarudi kliniki. Lakini mshale wa mizani ulianza kupanda, na siku moja ulilia nikamwona anageuka. Nilitoka uani nikalia nikijifanya napenga kamasi.

Sasa nikuambie udhaifu wangu. Mimi napenda kujua. Wewe umeurithi kwangu, usiseme ni kwa mama yako. Tangu siku ile nilitaka kujua alimwambia nini yule nesi. Na nilikosea tena, nikawa namwuliza. Mezani, njiani, kitandani: "Ulimwambia nini?" Kadiri nilivyouliza ndivyo alivyofunga. Mwishowe aliniambia, "Ukiuliza tena, nitakuambia kitu chochote ili unyamaze." Nikanyamaza mimi. Jibu la namna hiyo nililijua tayari.

Udadisi wangu nikauhamishia buchani. Wanaume wa huko juu wakinunua miguu au kichwa, mara nyingi kuna mzazi nyumbani. Nikawa nauliza, "Mkeo anakula?" "Anakula sana." "Umemwona akila?" Hapo ndipo mtu anaanza kutazama dari. Mwanzo niliuliza vibaya, kwa sauti, mbele ya wateja, na mwanamume mmoja alikasirika akahamia bucha ya ng'ambo mpaka leo. Nikajifunza kuuliza nikiwa nakata, macho yangu yako kwenye nyama, na dukani hakuna mtu. Mtu haoni haya kuiambia nyama.

Kulikuwa na mwalimu kijana wa shule ya msingi, mpole, tai yake siku zote imekaa upande. Nilimwuliza akaondoka bila kujibu. Baada ya siku kadhaa akarudi, akainama juu ya kaunta. "Mzee, hiyo swali yako ilininyima usingizi. Nilirudi mapema. Supu inanywewa na mama yangu na ndugu zangu."

"Na mkeo?"

"Ako na homa, mzee. Alikuwa anaficha juu ya kuogopa mama."

Nikamwambia aache nyama hapo hapo, aende ampeleke mkewe hospitali. Alimpeleka, akapona. Mtoto wao sasa ni kijana mkubwa, hupita hapa ananiita babu na kutaka punguzo.

Kwa udadisi huo huo nilimwuliza Shangazi Tunu, uzeeni kwake, kama yeye aliwahi kukosa hamu ya kula akiwa ndani. Akasema, "Mimi nimezaa, nimezika, nimekaa ndani mara ngapi sijui. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza." Nilingoja aendelee. Akaniomba maji. Nikampa maji, na nikaacha hapo, maana jibu lilikuwa limeshakuja.

Kwa hiyo, Mwana, sijui utafiti. Nyinyi mna waalimu wenu, na maswali yenu yamepimwa na watu waliosoma, siyadharau. Mimi nina mambo ambayo najiuliza tu. Najiuliza, ukifika kwa mwanamke wa Kiritiri, mama mkwe atakuwa amekaa wapi? Yule msichana atakayekutafsiria Kimbeere, je, ni binti wa nani pale? Najiuliza mzazi anayekuambia amekula, ni nani aliyeosha bakuli. Na najiuliza kama kile kibao chako kina mahali pa kuandika kwamba mtu alitazama ukuta kabla ya kusema hapana. Ukijua majibu, siku ukirudi nyumbani niambie, maana hayo hayana siri ya mtu. Nitafunga bucha nikusikilize.

Na usije ukamkasirikia mama yako kwa la jana. Ulipokwenda kuoga nilimwuliza kwa nini amekujibu vile. Alinitazama kwa lile jicho lake.

"Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwenye kiti changu."

"Basi. Mtoto ananiuliza kama nilikula, na aliyeleta chakula amekaa hapo anatabasamu. Ulitaka niseme nini? Na mwenyewe alikuwa ameshaweka kidole kwenye swali linalofuata."

Nimekaa na mwanamke huyu maisha yangu yote, na bado kulikuwa na bakuli lililojaa asilotaka kunirudishia. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikacheka, naye akacheka. Nikamwomba ruhusa nikuandikie. Akafikiri, mkono uko kwenye mchele. Akasema, "Mwambie la supu, hilo ni lako. Langu nitampa mwenyewe. Lakini wewe usiwepo."

Basi sitakuwepo. Barua hii utaikuta ndani ya begi lako, juu ya sweta. Kesho nikishaswali alfajiri nakwenda kichinjioni, na kutoka hapo moja kwa moja buchani, sirudi nyumbani hata nikisahau kinoo. Gari lako la Embu si la mapema, una asubuhi nzima. Kile kibao kiache ndani ya begi. Mwulize mama yako lile swali la nesi, na ukishauliza, ngoja. Hata akikuomba maji, mpe maji, kisha ngoja tena.

Nitapika uji wa wimbi usiku huu, uliochachushwa kidogo, bila pilipili manga, nimwachie mama yako jikoni kwenye bakuli la maua mekundu. Bado lipo, limebanduka rangi tu.

Ukienda kituoni utapita buchani kuniaga. Mtu mdadisi kama mimi atakuwa amesimama mlangoni toka saa mbili, na utaniona usoni natamani kujua, kama nilivyotamani pale kwenye benchi na siku zote tangu hapo. Usiniambie. Wewe mwenyewe ulisema anachokuambia mwanamke kwenye kazi yenu hakipewi mume wala baba wala mtu yeyote. Anza na huyu. Niage, panda gari, nenda ukafanye kazi yako, nami nitakuombea kila sala.

Niambie tu kama uji aliunywa mwenyewe.

Baba yako,
Majengo